Mwongozo kamili wa kuchagua kofia bora ya kiume: anza na kichwa, kioo kije mwisho

Mwanamume anayeanza kupenda kofia hujikuta mapema ana rafu iliyojaa, lakini akitoka nyumbani hutoka kichwa wazi. Sababu karibu siku zote ni moja: alinunua kwa macho. Aliliona umbo lililompendeza kichwani mwa mtu mwingine, akalitafuta, akalivaa mbele ya kioo kwa nusu dakika, akalipa. Siku ya pili kofia ikaanza kumbana kwenye paji la uso, au ikawa inapeperuka kila upepo ukivuma, ikaishia rafuni pamoja na wenzake. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume. Unaanza na kichwa, unafuata kazi utakayoitumia kofia, kisha malighafi na ushonaji, na umbo linakuja baadaye kabisa, ingawa ndilo linalotuvuta wengi wetu. Nitazungumzia hasa kofia zenye ukingo, yaani chepeo za felti, kitambaa kizito cha nywele za mnyama zilizokandamizwa, na pama za majani, kwa kuwa huko ndiko pengo kati ya kofia bora na ya ovyo lilivyo kubwa zaidi. Kofia bapa, ile ya kitambaa yenye kikingo kifupi mbele tu, nitaigusa kwa kifupi.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Sehemu inayokifunika kichwa nitaiita kuba. Kinachotandaa kulizunguka ni ukingo. Pale kuba na ukingo vinapokutana, kwa nje hupita utepe na kwa ndani hupita mkanda wa jasho, ambao ndio unaogusa ngozi ya paji la uso. Kofia nyingine huwa na bitana laini ndani ya kuba. Muuzaji akianza kukutajia jina la mtindo kabla hujagusa mkanda wa jasho, mwache amalize, kisha ipindue kofia uitazame ndani, kwa sababu mengi ya kuamua yako huko.

Hatua ya kwanza: pima kichwa, na ukijue umbo lake

Utahitaji futi laini ya fundi cherehani. Kama huna, chukua uzi usiovutika, uuzungushe kichwani, utie alama, kisha uupime kwa rula. Weka mwanzo wa futi katikati ya paji la uso, mahali ambapo ungependa kofia ikae, kama vidole viwili juu ya nyusi. Ipitishe juu ya sikio ukiacha nafasi ya kidole kimoja, uifikishe kisogoni kwenye ule mfupa uliojitokeza, kisha uirudishe mbele kwa upande wa pili. Kosa la kawaida ni kuiacha futi iteleze nyuma kuelekea shingoni, jambo linalokipotosha kipimo bila mpimaji kugundua. Futi iiguse ngozi bila kuibana, kiasi cha kidole cha shahada kupita chini yake kwa kukwaruza kidogo. Pima mara tatu, kila mara ukiiondoa futi na kuiweka upya, na uchukue kipimo kilichojirudia. Pima pia nywele zikiwa katika urefu wako wa kawaida, maana anayepima siku aliyonyoa kipara kisha akavaa kofia nywele zikiwa zimeota hupata tofauti inayohisika.

Watengenezaji wengi wa Ulaya huandika kipimo kwa sentimita, kwa hiyo kichwa chenye mzingo wa sentimita 57 huvaa kofia namba 57, na hakuna la kufasiri. Marekani na Uingereza hutumia namba ndogo ambazo huonekana za ajabu mpaka ujue zilikotoka: ni mzingo wa kichwa kwa inchi uliogawanywa kwa pai, kana kwamba kichwa cha binadamu ni duara kamili. Sentimita 57 ni takriban inchi 22.4, na ukigawa kwa 3.14 unapata 7 na ushei, ambayo Mmarekani huiandika 7⅛. Mwingereza kofia hiyohiyo huiandika 7, kwa kuwa namba zake huwa chini kwa moja ya nane. Vivyo hivyo, sentimita 58 ni 7¼ kwa Marekani na 7⅛ kwa Uingereza. Anayeagiza kofia kutoka mbali bila kuuliza namba ni za nchi gani anaweza kupokea kofia iliyopishana na kichwa chake kwa sentimita nzima. Herufi za S, M na L zinategemea zaidi mtengenezaji, kwa hiyo tafuta daima sentimita zilizoandikwa kando yake.

Kipimo kikiangukia kati ya namba mbili, chukua kubwa. Kofia iliyozidi kidogo hupunguzwa kwa kuchomeka kipande chembamba cha sponji au cha felti nyuma ya mkanda wa jasho, kazi ya dakika mbili. Kofia ndogo haina tiba rahisi kama hiyo. Kofia yangu ya kwanza ya felti niliinunua ikiwa ndogo kwa sentimita moja, kwa sababu muuzaji aliniapia kuwa itatanuka yenyewe ikishazoea kichwa. Haikuzoea kitu. Kwa wiki tatu nilitembea na mstari mwekundu kwenye paji la uso na maumivu ya kichwa kila jioni, kisha nikampa binamu yangu mwenye kichwa kidogo, ambaye anaivaa hadi leo na hunikumbusha kila tunapoonana.

Mzingo peke yake hautoshi. Watu wawili wenye sentimita 58 wanaweza kuwa na vichwa tofauti kabisa: mmoja kirefu kutoka paji la uso hadi kisogoni na chembamba ubavuni, mwingine kinachokaribia mviringo. Kofia nyingi hutengenezwa kwa umbo la yai la wastani. Ukiivaa ikakubana mbele na nyuma huku ukiona upenyo kwenye vipanda vya uso, basi kichwa chako ni kirefu kuliko kofia ilivyokusudiwa. Ikibana ubavuni na kulegea mbele, kichwa ni cha mviringo. Mtu wa namna hiyo asikimbilie namba kubwa zaidi, kwa sababu atapata kofia inayolegea kila mahali na bado inabana palepale. Fundi mwenye kifaa cha kupimia umbo la kichwa anaweza kuinyoosha au kuipanua kofia kwa mvuke, na mara nyingi mtengenezaji mwingine ana kalibu, yaani umbo la mbao la kufinyangia kofia, iliyo karibu zaidi na umbo lako. Kujua hili kabla ya kununua kofia ya kwanza kunaokoa fedha kuliko ushauri mwingine wowote nitakaoutoa hapa.

Hatua ya pili: amua kofia ni ya kazi gani

Hapa maamuzi ni ya haraka. Ikiwa lengo ni kujikinga na jua, ushauri unaotolewa mara nyingi na mashirika yanayopambana na saratani ya ngozi ni ukingo usiopungua sentimita 7.5 unaozunguka pande zote, na msuko uliobana, kwa maana majani yaliyosukwa kwa uwazi hupendeza na kupitisha hewa lakini hupitisha jua pia. Ikiwa ni kwa baridi na manyunyu, felti haina mpinzani. Ikiwa ni ya kuvaliwa na suti, ukingo wa sentimita 5 hadi 6.5 hukaa vizuri na kola ya koti bila kuigusa kila unapogeuza shingo. Mtu anayeishi penye joto mwaka mzima na kununua felti nzito kwa sababu aliiona kwenye picha atakuwa amenunua pambo la rafu, na kuna felti nyepesi zinazoweza kumfaa iwapo moyo wake umeng'ang'ania felti.

Hatua ya tatu: ijue malighafi kwa mkono

Felti haifumwi wala haisukwi. Ni nywele za mnyama zilizofungamana zenyewe kwa joto, unyevu na kukandamizwa, kwa sababu kila unywele una magamba madogo yanayoshikana na ya jirani na kukataa kuachia. Kinachotofautisha felti moja na nyingine ni mnyama aliyetoa nywele hizo. Felti ya sufu ya kondoo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyojaa madukani. Felti ya manyoya hutoka kwa sungura, sungura pori, au biva, yule mnyama wa majini wa nchi za kaskazini ambaye manyoya yake ya ndani ndiyo yanayosifiwa kuliko yote. Manyoya haya ni membamba na hufungamana kwa karibu zaidi kuliko sufu, kwa hiyo felti yake inaweza kuwa nyembamba, nyepesi, na bado ikashikilia umbo. Ya sufu huhitaji kufanywa nene au kutiwa gundi ili isimame, na ikilowa sana hupenda kunywea na kupoteza mstari wake.

Jinsi ya kuitambua dukani ni hii. Shika ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, uusugue polepole kama mtu anayepima unga. Felti ya manyoya iliyo nzuri huteleza kama ngozi laini ya ndani, na unene wake ni uleule kuzunguka ukingo mzima. Felti ya sufu huhisika kavu na yenye chembechembe, kama blanketi lililokandamizwa. Kisha ukunje ukingo taratibu na uuachie. Ulio mzuri hurudi bila kuacha mstari. Uliojazwa gundi hutoa sauti ya kukatika kidogo, kama karatasi ngumu, na mstari mweupe unaweza kubaki. Mwisho, isogeze kwenye mwanga na uitazame kwa pembeni. Ukiona madoa yanayong'aa na mengine yaliyofifia, au sehemu nyembamba kwenye ncha ya kuba, hiyo iache.

Sisemi kuwa sufu haifai. Kwa kofia ya kwanza, ambayo bado hujui kama utaivaa kila siku au mara mbili kwa mwaka, felti nzuri ya sufu yenye mkanda mzuri ni ununuzi wa busara kuliko felti hafifu ya manyoya. Ninachokataa ni kuuziwa sufu kwa bei ya manyoya, na hilo hutokea.

Jina lililopigwa mhuri ndani nalo lisikumalizie uamuzi. Borsalino, iliyoanzishwa Alessandria, Italia, mwaka 1857, na Stetson, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1865, zina heshima iliyostahili, lakini Stetson, kwa mfano, huuza felti za sufu na za manyoya chini ya jina lilelile, na mnunuzi asiyeuliza atadhani zote ni ndugu sawa. Kwenye kofia za Kimarekani za mtindo wa wachunga ng'ombe utakuta pia alama za X, kama 6X au 20X, ambazo zinakusudiwa kuonyesha daraja la felti. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, kwa hiyo X kumi za huyu si X kumi za yule. Zitumie kulinganisha kofia za kampuni moja tu.

Neno moja kwa wanaovutiwa na kofia kuukuu. Zamani watengenezaji waliyapaka manyoya mchanganyiko wa zebaki na asidi ya nitriki ili yafungamane haraka, na mafundi waliovuta mvuke wake waliishia kutetemeka mikono na kuvurugika akili. Marekani ilipiga marufuku matumizi hayo Desemba 1941. Kofia ya felti ya karne ya 19 ikae kwenye kabati la mkusanyaji, isivaliwe.

Upande wa majani, mfalme ni pama, yaani kofia ya Panama, na jina lake limewapotosha watu kwa muda mrefu. Kofia za Panama hutoka Ekwado. Zilipata jina hilo kwa sababu zilisafirishwa na kuuzwa kupitia Panama, na picha za Rais Theodore Roosevelt akiwa ameivaa alipotembelea ujenzi wa mfereji mwaka 1906 zikalikaza jina lisibanduke tena. Husukwa kwa nyuzi za mmea uitwao toquilla, ambao wataalamu huuita Carludovica palmata, na vituo viwili vinavyojulikana zaidi ni Cuenca na Montecristi. UNESCO iliuingiza ususi huu katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2012. Zile za Montecristi zenye nyuzi nyembamba kabisa huweza kumchukua msusi miezi kadhaa, na hapo ndipo utaelewa kwa nini kofia mbili zinazofanana kwa mbali zinaweza kutofautiana kwa bei kama baiskeli na gari.

Kuikagua pama, iinue dhidi ya mwanga. Utaona duara zinazotoka katikati ya utosi kwenda nje, na kadiri nyuzi zilivyo nyembamba na zilivyolingana ndivyo kazi ilivyo bora. Tafuta matundu yasiyolingana, mafundo yaliyojitokeza, na madoa yenye rangi tofauti. Kisha utazame mwisho wa ukingo: kwenye kazi nzuri nyuzi zimerudishwa ndani na kusukwa upya, ilhali kwenye kazi ya haraka ukingo umekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine au kufunikwa kwa utepe. Jihadhari pia na kofia zinazofanana na za majani lakini zimetengenezwa kwa uzi wa karatasi. Nyingine ni nzuri na imara kwa matumizi ya kawaida, na muuzaji mwaminifu atakwambia kuwa ni karatasi. Mvua kubwa, hata hivyo, haina huruma nazo. Aina nyingine ya majani ni ile ya ukili uliosukwa kwanza kuwa utepe mrefu, kisha ukashonwa kwa kuzungusha kuanzia utosini. Hiyo ikague mishono yake: ukiona uzi umeruka hata mahali pamoja, ukili utaanza kufumuka kutokea hapohapo.

Hatua ya nne: igeuze ndani

Mkanda wa jasho ndio sehemu inayochakaa kwanza, na ndiyo inayoamua kama kofia itavaliwa au la. Ngozi halisi iliyo laini hulizoea paji la uso na hudumu kwa miaka. Kitambaa hufyonza jasho vizuri na kinaweza kuwa starehe zaidi penye joto, lakini huchafuka upesi. Ninachokiepuka ni plastiki iliyopigwa chapa ya ngozi, ambayo huteleza, hunata, na baada ya mwaka huanza kumenyuka kama ganda la kitunguu. Uinue mkanda kwa ukucha uone ulivyoshikizwa. Kofia nzuri huwa imeshonwa kwa mishono midogo ya karibukaribu kuzunguka kote, na kwenye za hali ya juu utauhisi ujiti mwembamba uliofunikwa pembezoni mwa mkanda, ambao huzuia mshono kuingia moja kwa moja kwenye felti. Gundi peke yake ni dalili mbaya.

Kwenye mkanda huo, mahali unapoungana, mara nyingi kuna kifundo kidogo cha utepe. Hapo ni nyuma ya kofia. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakivaa kofia kinyumenyume harusini kwa kutojua hilo. Alama ya pili ni fundo la utepe wa nje, ambalo kwenye kofia ya kiume hukaa upande wa kushoto.

Utepe wenyewe uwe umeshikizwa kwa mishono michache iliyofichika na uwe unaweza kubadilishwa. Uliobandikwa kwa gundi huacha doa ukitolewa. Ukingo nao una namna kadhaa za kumalizwa: kuachwa ulivyokatwa, kukunjwa na kushonwa, au kuzungushiwa utepe. Zote ni halali, na anayekwambia kuwa moja ndiyo ya daraja la juu anakuuzia aliyonayo. Mwisho, iweke kofia mezani, ulale macho sawa na meza, uizungushe. Ukingo ulio juu upande mmoja kuliko mwingine bila kukusudiwa, au kuba lililoelemea, ni kosa la kalibu, na halitajinyoosha kichwani.

Hatua ya tano: sasa kioo

Simama mbele ya kioo kinachokuonyesha kuanzia kichwani hadi viatuni, kwa kuwa kofia hukaa juu ya mwili mzima, na kioo kidogo cha dukani kinachoonyesha uso tu kimewadanganya wengi. Mwenye mabega mapana akivaa ukingo wa sentimita 4 huonekana amebeba kifuniko cha chupa. Mwembamba akivaa ukingo wa sentimita 9 hupotea chini yake. Uso mrefu hupunguzwa urefu na kuba la wastani na ukingo mpana kidogo, na uso wa mviringo hunufaika na kuba refu kidogo lenye mikunjo iliyo wazi. Hizi ni dalili za kuanzia, na nimewaona wanaume wazivunjao zote wakapendeza, kwa sababu walivaa kofia iliyowatosha sawasawa.

Kwa mitindo, fedora ndiyo mlango rahisi zaidi: kuba lenye mkunjo wa urefu na mibonyeo miwili mbele, ukingo unaoweza kushushwa mbele na kuinuliwa nyuma. Trilby ni ndugu yake mwenye ukingo mfupi. Homburg, yenye ukingo uliokunjwa juu kuzunguka kote na mkunjo mmoja katikati, ilipata umaarufu baada ya mwanamfalme wa Uingereza aliyekuja kuwa Edward VII kuiona Ujerumani na kuipenda. Ni ya rasmi na haisamehe nguo za mchezo. Bowler, kofia ngumu ya mviringo, ilianza London mwaka 1849 kama kinga ya walinzi wa mashamba waliokuwa wakigongwa na matawi wakiwa juu ya farasi, na anayeivaa leo ajue kuwa watu watamtazama. Kofia bapa ni rafiki wa kila siku, na uchaguzi wake ni mfupi: kitambaa cha sufu nzito au kitani, bitana iliyoshonwa vizuri, na kipimo sahihi. Uingereza iliwahi kutunga sheria mwaka 1571 ya kuwalazimisha wanaume wa kawaida kuvaa kofia za sufu siku za Jumapili ili kuinua biashara ya sufu, kwa hiyo kofia ya sufu imewahi kuwa wajibu kabla ya kuwa mapenzi.

Rangi ya kwanza ninayoipendekeza ni kahawia ya wastani au kijivu. Nyeusi huonyesha vumbi lote na hudai nguo rasmi zaidi kuliko mtu anavyodhani.

Ukishachagua, ivae ndani ya duka dakika 15 hadi 20 huku ukizungumza na kutembea. Inama kama unayefunga kamba za viatu; isianguke. Tikisa kichwa kusema hapana, ifuatane nawe. Ivue, ujitazame pajini. Alama nyepesi inayofutika ndani ya dakika chache ni ya kawaida, na mfereji mwekundu unaouma ni jibu la kutonunua. Kwa kofia iliyokwisha kutumika, ongeza mambo matatu: inuse, pinda mkanda wa jasho uone kama ngozi imekauka na kupasuka, na imulike kwa taa kutoka ndani uone matundu ya nondo.

Hatua ya sita: kuishika na kuirekebisha

Fedora ina mibonyeo miwili mbele inayomwalika mkono kuikamata hapo, na hapo ndipo felti hupasuka baada ya miaka ya kubanwa na vidole. Ishike kwa ukingo, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, ukiivaa na ukiivua. Pama hali kadhalika, na zaidi, kwa kuwa majani makavu yakikunjwa hukatika. Zipo pama zinazouzwa zikiwa zimeviringishwa ndani ya mkebe, lakini kuiviringisha mara kwa mara huivunja kwenye mikunjo ya kuba, hata ikiwa ni ya daraja la juu.

Mkunjo wa felti ukipotea unaweza kuurudisha nyumbani. Chemsha maji kwenye birika lenye mdomo mwembamba. Inua mkanda wa jasho na uugeuzie nje, kwa sababu ngozi ikipigwa na mvuke hunywea na hutairudisha. Shika kofia sentimita 20 hivi kutoka kwenye mvuke na uipitishe sehemu unayotaka kuitengeneza kwa sekunde chache, ukiisogezasogeza bila kuisimamisha. Felti ikilainika, iondoe na uukandamize mkunjo kwa upande wa mkono, si kwa ncha za vidole, ambazo huacha vishimo. Ishikilie hivyo mpaka ipoe. Rudia kidogokidogo, aliyetaka kumaliza kwa mara moja ameloweka kofia.

Hatua ya saba: kuitunza

Piga brashi laini baada ya kila uvaaji, ukianzia mbele upande wa kushoto na kuzunguka kinyume cha saa, ukiufuata mlalo wa nyuzi. Kuwa na brashi mbili, moja ya kofia za rangi nyeusi na nyingine ya kofia za rangi nyepesi, kwa maana brashi moja huhamisha nyuzi za giza kwenye kofia nyeupe. Doa la mafuta linyunyizie unga wa wanga, uuache usiku mzima, kisha uupige brashi. Jasho lifute mkandani kwa kitambaa kikavu kila uvuapo. Chumvi ikishapenya hadi kwenye utepe, hubaki.

Mvua ikiipata felti, ikung'ute, igeuze mkanda wa jasho nje, uiweke ikauke yenyewe kwenye hewa. Usiisogeze karibu na moto, jiko wala kikausha nywele. Kwa sababu hiyohiyo usiiache ndani ya gari lililofungwa juani: joto hunywesha mkanda, na mkanda huivuta felti, na ndivyo kofia ya 58 inavyogeuka kuwa ya 57 mchana mmoja.

Ikipumzika, ilaze kichwa chini, yaani kuba likiwa mezani na ukingo hewani, au itundike kwenye kalibu ya mbao yenye umbo la kichwa. Ikilazwa juu ya ukingo, ukingo hunyooka na kupoteza mpindo wake. Ya msimu mwingine ipigwe brashi vizuri na ihifadhiwe kwenye boksi kavu, pamoja na vipande vya mti wa mwerezi vya kuwafukuza nondo. Pama ihifadhiwe mahali pasipokauka mno, kwani majani yakikosa unyevu kabisa huwa kama biskuti.

Felti nzuri ya manyoya huishi kuliko mkanda wake wa jasho. Ngozi ikipasuka au kutoa harufu isiyotoka, mpelekee fundi kofia aukate mishono na kushona mkanda mpya, na aubadilishe utepe papo hapo ukiwa umefifia. Nenda na futi yako siku ya kuichukua, na uivae kabla hujalipa, maana mkanda mpya ni mnene kuliko ule uliochakaa na huweza kuipunguza kofia kidogo.